Miguu ya Kirukanjia

Mimi ni mtu wa kusahihisha. Sijivunii, lakini pia sitajifanya vinginevyo. Nimefundisha baiolojia katika shule ya upili huku Suna miaka mingi, na kalamu nyekundu imeniingia mpaka kwenye ulimi. Nikiona bango la duka limeandikwa vibaya naingia kumwambia mwenyewe. Mhubiri akisema popo ni ndege, namsubiri mlangoni baada ya ibada. Mume wangu husema siku nikifa nitaamka kumsahihisha atakayesoma wasifu wangu, na mimi humjibu kwamba akiusoma sawasawa nitalala tu. Nyumbani kwetu Homa Bay, nilikozaliwa, hawaniiti kwa jina. Wananiita Mwalimu, na mara nyingi wakiniita hivyo wananicheka.

Ninaandika haya kwa sababu ya ndege mmoja mfu ambaye niliombwa, au tuseme nilijiomba mwenyewe, kumtambua. Nilimtambua vizuri kabisa. Sikukosea hata unyoya. Natamani sana ningekosea.

Aliyenifundisha ndege ni baba. Boma letu liko kwenye mteremko nje kidogo ya mji, mahali ambapo ukisimama langoni unaiona ghuba yote. Baba alikuwa karani wa stoo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, enzi zile pamba ilikuwa pamba. Kabla ya hapo alichunga ng'ombe, na ni uchungaji uliomsomesha ndege, maana hakuna kitu kingine cha kutazama ng'ombe wakishashiba. Jumapili baada ya kanisa tulishuka naye hadi ufukoni, yeye amevaa koti lake la kanisani, mimi nimeshika viatu mkononi nisivichafue, na kila ndege tuliyekutana naye alikuwa mtihani.

Ukianza kumtajia rangi alikukatiza. Rangi inadanganya, alisema. Dume ana yake, jike ana yake, kinda ana yake, na jua likikupiga usoni wote ni weusi. Anza na miguu. Miguu itakuambia anasimama wapi na anakamata nini, halafu ndiyo upande juu. Nilijua miguu ya korongo na ya bata na ya mwewe kabla sijajua majedwali ya hesabu, na mama alilalamika kwamba mtoto wa kike anafundishwa mambo yasiyopikika.

Nilikuwa na miaka kama tisa tulipomkuta kirukanjia. Labda umewahi kumwona bila kujua. Ni ndege wa rangi ya majani makavu, mchana kutwa amelala chini na huwezi kumtofautisha na ardhi. Jioni anakaa katikati ya njia, unakaribia kumkanyaga ndipo anaruka hatua chache, anatua tena mbele yako, na ukikaribia anarudia mchezo uleule. Huyo wetu alikuwa amekufa. Baba alichuchumaa akiwa na koti lake, akamlaza kwenye kiganja, akanyoosha kidole cha kati cha ndege. Ukucha wa kidole kile ulikuwa na meno madogo sana, mstari mzima, kama kitana. Akaniambia nipitishe kidole changu pale. Nilipitisha nikasikia ule mkwaruzo mdogo. Baba akasema ndege huyu ana ndevu, tazama, hizi nywele ngumu kando ya mdomo za kunasia wadudu, na hicho ni kitana chake cha kuzichania. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ndege mwenye ndevu na kitana! Nafikiri ualimu wangu ulianzia hapo, chuo kilikuja tu kupiga muhuri.

Basi.

Ugonjwa wa sukari ulimchukua baba kidogo kidogo. Kwanza ulichukua vidole viwili vya mguu wa kushoto, baadaye macho, mwisho ukaingia kwenye figo. Hospitalini hawakutuficha. Daktari, kijana mpole, alitukalisha akasema tumrudishe nyumbani, tumpe anachokitaka, tusimlazimishe, tuhakikishe tu haumii. Nilielewa kila neno, na nilielewa hata yale ambayo hakuyasema. Mama hakuelewa, au alielewa akakataa. Alirudi naye nyumbani na ratiba ya uji: uji saa moja, uji saa nne, uji saa kumi, kana kwamba figo ni jambo la mtu kukosa chakula.

Ndipo tula akaja. Tula ni bundi kwa Kiluo, na kwetu si ndege wa kutajwa ovyo mbele ya mgonjwa. Akilia karibu na boma, mtu anachomoa kijinga cha moto jikoni anakirusha upande ule, ili aende zake na ujumbe wake. Kwa kawaida anaenda. Huyu hakwenda. Kila jua lilipozama alilia kwenye mkaratusi ulio nyuma ya jiko, wiki mbili mfululizo. Mama alirusha vijinga mpaka mdogo wangu wa kiume, ambaye anaishi pale bomani na kuendesha bodaboda, akamwonya kwamba atachoma paa.

Simu za mama zikawa za tula tu. Mimi nikamweleza, kwa sauti ile ya darasani, kwamba bundi anafuata panya, na panya wanafuata mahindi yaliyoko ghalani, na kwamba wakitoa mahindi yale ndege atahama mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kama mtu anayesubiri tangazo la redio limalizike. Halafu akaniuliza, kwa hiyo nakuja lini.

Kilichomuumiza mama zaidi ni kwamba baba alikuwa ameacha kula. Kwake mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja. Tula ameanza kulia, baba amegeuza uso ukutani. Nilimwambia ni figo. Akasema figo zilikuwepo mwezi uliopita na alikuwa anakula. Mama hakulala kitandani tena. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya baba, shuka mabegani, akisikiliza ule mti.

Alhamisi moja asubuhi jirani yetu, mama anayekaanga mandazi pale njia panda, alikuwa akipita mbele ya lango letu akakuta ndege amekufa njiani. Nadhani aligongwa na pikipiki. Alikuwa wa kahawia mwenye madoadoa, kichwa kipana, macho makubwa meusi. Yule mama akapiga ukelele, watu wakaja mbio wakidhani baba amekwenda. Kumbe ni furaha. Tula amekufa, na amekufia langoni hasa.

Usiwacheke. Kwetu bundi ni ndege wa kusikiwa, si wa kuonwa. Akilia watu wanarusha moto au wanajifunika shuka, hakuna anayesogea kumtazama usoni. Wazee wamemsikia maisha yao yote na hawajui mdomo wake umekaaje. Sasa ukipata ndege wa usiku, mwenye macho kama yale, amelala mfu kwenye lango la boma ambalo tula amelilia wiki mbili, nani ataomba kitambulisho?

Mama, ambaye hata jina la ndege huyo halitamki, alimbeba kwa mikono yake miwili mpaka chumbani. Akamweka mikononi mwa baba, maana baba haoni na angeweza kufikiri anatulizwa kwa maneno tu. Baba alimpapasa. Alimpapasa kwa muda mrefu, mama aliniambia, tena polepole. Halafu akasema, "Basi. Leteni uji."

Akamaliza kikombe. Mchana akala ugali kidogo na mchuzi wa samaki aina ya ngege. Jioni mvua kubwa ikanyesha na mti ukanyamaza, na mama akalala kitandani mwake kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze. Ijumaa mvua tena, mti kimya, uji vikombe viwili. Alinipigia simu akicheka na kulia kwa pamoja. Alisema baba amemsimulia habari za kiwanda cha pamba, za siku walipooana, mambo ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameyasahau. Walikuwa wamekaa wameshikana mikono kama watoto, hivyo ndivyo alivyosema, na mama si mtu wa kusema mambo kama hayo.

Nilifurahi, haki ya Mungu nilifurahi. Lakini katika kusimulia alitaja kwamba yule tula ana mdomo mdogo kama wa mbayuwayu. Hapo mimi nikakwama. Bundi hana mdomo wa mbayuwayu. Nikakaa na jambo hilo jioni nzima kama mtu mwenye uzi wa nyama kwenye jino. Jumamosi asubuhi nilipofunga safari, kitabu cha ndege cha maktaba ya shule kilikuwa kwenye mkoba wangu. Nilijiambia nakwenda kumwona baba. Ni kweli nilikwenda kumwona baba. Ila nilipofika Rongo kubadilisha gari, nilichokuwa nasoma pale stendi hakikuwa Biblia.

Nilimkuta ndege ametundikwa kwa miguu kwenye waya wa ua. Mdogo wangu ndiye aliyemtundika, ati bundi wenzake wakipita waone. Sikungoja hata kuingia ndani kusalimu. Nilimtazama miguu nikajua. Ilikuwa midogo, dhaifu, miguu isiyoweza kukamata hata panzi, na kwenye kidole cha kati, chini ya chungu wawili waliokuwa wakitembea, kulikuwa na kitana.

Hapa ndipo ningeweza kunyamaza. Nimeurudia muda huo mara nyingi. Ningeingia ndani, ningemshika baba mkono, ningekunywa chai na mama. Badala yake nilimfungua ndege kwenye waya, nikamweka juu ya ungo, nikaubeba ungo hadi kwenye kivuli cha nyumba, nikaita watu. Na kivuli cha nyumba saa ile kilikuwa upande wa dirisha la baba, na dirisha lilikuwa wazi.

Mdogo wangu akaja, na yule jirani wa mandazi, na mama akasimama mlangoni na kikombe cha uji cha saa kumi. Nilianza taratibu. Nikasema nadhani kuna kosa dogo. Jirani akacheka, akasema huyu ni tula, Mwalimu, hata mtoto anajua. Neno hilo lilinichoma. Miaka ishirini na zaidi ya kazi, halafu naambiwa hata mtoto anajua. Nikafungua kitabu. Nikawaonyesha picha ya bundi, kucha zake zilizopinda, miguu yenye manyoya. Nikanyoosha kidole cha ndege wetu, nikawaita mmoja mmoja wapitishe kidole wasikie kile kitana. Nikawaonyesha ndevu. Nikasema huyu analala chini, hakai mtini, jina lake ni kirukanjia, na hajawahi kumlilia mtu yeyote katika boma lolote. Sauti yangu ilikuwa imepanda. Jirani bado alikuwa anatikisa kichwa, na nilitaka akubali, nilitaka tu akubali, nikafunga kitabu kwa nguvu.

"Bundi wenu yuko hai," nikasema. "Huyu si yeye."

Jirani akaacha kutikisa kichwa. Nilikuwa nimeshinda. Nikageuka kumtazama mama, nadhani nilitarajia asifu, maana mtu hata akiwa na uzee wake bado anamtazama mama akishapata alama. Mama alikuwa ameinama anakiweka kikombe cha uji chini kwenye kizingiti. Alikiweka kwa uangalifu sana, kisha akaingia jikoni. Mdogo wangu alinitazama. Yeye ni mtu wa maneno mengi, lakini aliniambia moja tu. "Mwalimu," akasema, na safari hii hakucheka.

Jioni ile mvua haikunyesha. Jua lilipoingia ziwani, tula akalia kwenye mkaratusi, sauti nzito, taratibu, hana haraka. Mama akatoka na kijinga. Alikirusha, kikaanguka karibu, hata nusu ya njia hakikufika. Akasimama pale akikitazama kinazimika kwenye nyasi mbichi. Kisha akachukua shuka na kile kiti cha plastiki.

Usiku nililala chumba cha pili na niliwasikia. Baba alikuwa anamwambia ale, alale, aache huo mti. Akamwambia amletee uji, yeye anataka uji. Mama akaleta. Nilisikia kijiko kikigonga kikombe, halafu nikasikia mama analia, na kijiko hakikugonga tena.

Asubuhi, Jumapili, mama alipokwenda kukamua ng'ombe, baba aliniita. Alikuwa amelala chali, amepungua, shingo imekuwa ndogo ndani ya kola ya pajama. Nilikaa kwenye kile kiti. Alitafuta mkono wangu, nikampa.

"Miguu ilikuwaje?" akaniuliza.

Nikamwambia. Midogo, laini, isiyokamata kitu. Kidole cha kati kina ukucha wenye meno.

"Kama kitana," akasema.

"Kama kitana, Baba."

Nilihisi kidole gumba chake kinapita juu ya ncha za vidole vyangu, polepole, na kabla hajafungua mdomo nilikuwa nimekwisha kujua atasema nini.

"Mama yako aliponiwekea mkononi Alhamisi," akasema, "nilianza na miguu."

Alijua. Tangu siku ya kwanza, tangu dakika ya kwanza alijua, na akaomba uji. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo sidhani ilitoka vizuri, kwa nini basi hakusema. Akashangaa swali lenyewe. Akanieleza kwa upole, kama alivyonieleza habari za korongo na bata, kwamba mama alikuwa hajalala wiki mbili. Kwamba yeye alikuwa haogopi tula wala nini, alikuwa amechoka tu, na chakula kilikuwa kinamchubua koo kama mchanga. Uji ule wa Alhamisi ulikuwa kazi ngumu kuliko magunia yote aliyowahi kuyahesabu stoo. Lakini mama alikaa kitandani akacheka. Kwa kicheko kile, alisema, angekunywa hata ndoo. Alikuwa amekadiria anaweza kuendelea hivyo wiki moja, pengine na siku kadhaa juu. Alitaka wiki hiyo tu.

Nilianza kulia. Baba akanipigapiga mkono.

"Nyara," akaniambia, yaani binti yangu, "nilikufundisha miguu ya ndege vizuri sana. Kunyamaza ndiko nilikosahau."

Alisema bila hasira, karibu anacheka. Afadhali angenigombeza. Mimi ni mgomvi, ugomvi ninauweza. Ule upole sikuwa na pa kuuweka, na bado sina.

Nilitoka nikaenda zizini. Mama alikuwa amechuchumaa, kichwa kimeegemea ubavu wa ng'ombe, anakamua. Nikamwambia, nikijikaza niseme kama jambo la kawaida, kwamba nimekitazama kitabu tena. Kwamba kuna aina za bundi wadogo wenye miguu kama ile, na mimi jana nilikuwa na haraka, nilikosea. Yule alikuwa bundi. Yule alikuwa ndiye.

Mama hakuacha kukamua. Maziwa yaliendelea kugonga ndoo.

"Wewe hukosei, Mwalimu," akasema.

Maisha yangu yote nimetaka mama aniambie maneno hayo.

Nilirudi Suna jioni ile, shule ilikuwa Jumatatu. Baba aliishi siku tisa baada ya hapo. Hakuishi chini ya wiki chache ambazo daktari alinidokeza baadaye. Ninajua hilo, nimelihesabu na kulihesabu tena, na mume wangu amenihesabia pia. Figo hazisikilizi mtu anasema nini nje ya dirisha. Sikumuua baba, na hakuna mtu aliyesema nimemuua. Nilichokichukua ni kitu kingine. Nilichukua siku tisa za mama. Wangezikaa wameshikana mikono, yeye akisimuliwa habari za kiwanda cha pamba. Alizikaa kwenye kiti cha plastiki, amempa baba mgongo nusu, sikio dirishani, anausikiliza mti. Mdogo wangu aliniambia kwamba baba alijaribu. Aliomba uji mara kadhaa, akanywa vijiko viwili vitatu, akasema mtamu. Mama alikuwa anakipokea kikombe bila kutazama kama kimepungua.

Alikufa jioni, na tula hakulia jioni hiyo. Alikuwa ameacha siku mbili kabla, labda mahindi yaliisha. Mama alikuwa ametoka kwenda kuutazama mti, kuona kwa nini umenyamaza. Aliporudi chumbani alikuwa amechelewa kidogo. Hilo alinieleza yeye mwenyewe baada ya matanga, mara moja, kwa sauti kavu, na hatujalizungumza tena.

Yule kirukanjia nilimzika mimi, siku ile ile ya Jumapili, chini ya ua. Sikujua nimfanye nini kingine. Kitabu nilikirudisha maktaba. Wanafunzi wakiniletea ndege mfu sasa, maana wanajua napenda, namgeuza, natazama miguu, na kabla sijataja jina namuuliza aliyemleta: amemtoa wapi, na nani nyumbani anasubiri jibu. Wananiona nimeanza kuzeeka.

Mwaka umepita, na zaidi. Likizo ya Agosti nilikwenda kukaa na mama wiki moja. Sasa ana presha, na mdogo wangu amejenga upande wa pili wa boma, kwa hiyo nyumba kubwa analala peke yake. Jioni ya pili tulikuwa tumekaa nje ya jiko tunachambua omena, wale dagaa wa ziwani, ungo katikati yetu, tukitoa mawe na vipande vya nyasi. Jua lilikuwa limeshagusa maji. Tulikuwa tunasengenya watu wa kanisa, tena vizuri tu, mama alikuwa amecheka mara mbili.

Tula akalia. Kwenye mkaratusi, sauti ileile nzito, hana haraka.

Vidole vya mama vilisimama ndani ya omena. Hakutazama juu. Hakuinuka kwenda kuchukua kijinga. Katika boma lile mzee aliyebaki kuitwa ni yeye, na sote wawili tulilijua hilo bila kuambiana. Tula akalia tena.

"Huyo ni ndege gani, Mwalimu?" akaniuliza.

Nilitoa kijiwe kwenye ungo, nikakitupa.

"Kirukanjia, Mama."

Alikuwa pale mlangoni siku ile na kikombe chake, alilisikia somo langu lote, tangu miguu hadi ndevu.

"Juu ya mti?"

"Juu ya mti."

Alinitazama basi, kwa muda mrefu, kama mtu anayepapasa kitu kujua ni nini. Halafu vidole vyake vikaanza tena kutembea ndani ya omena.

"Haya," akasema. "Sogeza huo ungo huku, giza linaingia."